Gia Niliyomwekea

Mume wangu alikuwa bwana shamba, na muda mwingi wa ndoa yetu aliwafikia wakulima wake kwa baiskeli. Pikipiki ya ofisi ilikuwa imeegemezwa ukutani ikisubiri vipuri tangu binti yetu wa pili hajaanza shule, na yeye hakuonekana kuikumbuka. Alikuwa na baiskeli ya milimani, ya mtumba, yenye matairi mapana na gia nane nyuma. Niliposema inaniletea matope sebuleni, alisema na mimi humletea vumbi la chaki kitandani.

Njombe haimpendi mwenye baiskeli. Ukitoka kwetu unashuka hadi bondeni, unavuka daraja la magogo, unapanda, na ukimaliza kupanda unaanza kushuka tena. Watu wengi hupanda wakisukuma. Yeye hakusukuma. Wakulima wa parachichi walimtania kwamba bwana shamba wao akifika kwenye mlima ndipo anapumzika, kwa sababu alikaa wima kwenye kiti, akaweka gia nyepesi, akawa anapanda polepole huku akiwasalimu walioko mashambani.

Ndiyo maana naikumbuka jioni ile ya mwezi wa tatu. Nilikuwa jikoni, mvua inanyesha ile ya kwetu isiyo na kelele, inayoweza kunyesha kutwa nzima bila mtu kuitaja. Nikamwona kupitia dirishani anapanda kilima kwa miguu, ameinama, anaisukuma baiskeli kama anasukuma ng'ombe aliyegoma.

"Imekuwaje?" nilimuuliza alipoingia.

"Gia zimekataa. Nabonyeza kwa dole gumba, haziendi. Nimeng'ang'ania gia nzito mpaka miguu imeishiwa nguvu."

Alikaa kwenye kigoda karibu na jiko la mkaa, akanyoosha mikono juu ya moto. Mkono wa kulia ulikuwa unatetemeka kidogo. Nikampa chai. Mahali petu mikono ya kila mtu hutetemeka mwezi wa tatu, na ukifika mwezi wa saba hutetemeka zaidi.

Asubuhi yake alipaka mnyororo oili, akauminyaminya waya wa gia kwa vidole, akaniambia umekaa sawa. Baada ya siku mbili akarudi anasukuma tena. Akaipeleka kwa fundi wa pale mjini, naye akashauri jambo ambalo mafundi wengi wa kwetu hulishauri wakiletewa baiskeli ya gia: waya ukatwe, mnyororo ufungwe kwenye gia moja, mambo yaishe. Mume wangu alirudi nyumbani amekasirika kama aliyeambiwa akatwe mguu.

"Nitakwenda Makambako," alisema. "Yuko mzee mmoja kule anazijua. Jumamosi njoo nami, unisaidie kuibeba."

Nilifurahi kuombwa. Sikujiuliza kwa nini mtu aliyekuwa akiibeba baiskeli ile begani kuvuka mito, sasa alihitaji msaada wa kuipandisha kwenye gari.

Tulipata lifti kwenye lori la mbao. Dereva alikuwa mtu wa kijijini kwao mume wangu, akatukalisha mbele, baiskeli ikafungwa juu ya mbao. Njia nzima mume wangu aligeuka kuitazama kupitia kioo cha nyuma. Kadiri tulivyokaribia Makambako ukungu ulipungua na upepo ukaongezeka, mpaka tuliposhuka pale njia panda, katikati ya malori yanayopumzika, nikalazimika kujifunga kitenge kichwani kwa sababu ya vumbi.

Fundi alikuwa nyuma ya soko, chini ya bati lililoshikiliwa na nguzo mbili na ukuta wa jirani. Mzee mfupi, mkimya, amevaa koti la mvua siku ya jua. Alikuwa amejifunza kazi yake zamani misheni, ambako mapadri walikuwa na baiskeli za namna hiyo.

"Kamwene," alitusalimu, kisha akaacha kututazama sisi, akaitazama baiskeli.

Aliining'iniza kwa kamba kwenye boriti, akazungusha pedeli kwa mkono, akabadilisha gia moja baada ya nyingine, huku ameinamisha kichwa kama anayesikiliza mtu aliye chumba cha pili.

"Waya umeota kutu," alisema. "Na kava lake limejaa udongo. Unabonyeza hapa juu, nguvu inaishia njiani, kule nyuma haifiki. Halafu hiki kikono kinachohamisha mnyororo kimepinda. Iliangukia upande huu?"

"Mara nyingi," mume wangu alisema.

"Basi shida zako ni tatu, na zote zinatibika."

Nilikaa kwenye ndoo nikamtazama akifanya kazi kwa muda wa saa tatu hivi. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nimezoea kuwatazama watu wakifanya jambo nijue kama wanaliweza, na yule mzee aliliweza. Aliufua mnyororo kwa mafuta ya taa mpaka ukang'aa. Alikinyoosha kile kikono kwa spana, kidogokidogo, kila mara akisimama nyuma ya gurudumu na kufumba jicho moja. Aliuchomoa waya wa zamani, akanionyesha ulivyochanika nyuzinyuzi ndani ya kava, mahali ambapo mtu asingeona. Alipokata kava jipya alilisawazisha ncha kwa tupa, kisha akalitoboa tundu vizuri kwa msumari, kwa sababu, alisema, ncha ikibanwa hata kidogo waya utakwama na mwenye baiskeli atazunguka kwa mafundi wote wa mkoa bila kujua. Akadondosha oili ndani, akapitisha waya mpya. Mwisho kabisa akashika skrubu ndogo ya nyuma, ile ya kukaza na kulegeza waya, akawa anaizungusha robo kwa robo huku pedeli inazunguka.

"Sikiliza, mwalimu," aliniambia. "Ikilia tikitiki, mnyororo unatamani gia ya jirani. Unazungusha robo, unasikiliza tena. Ikinyamaza, acha. Wengi hawajui kuacha."

Ilinyamaza. Akaishusha, akaipanda mwenyewe, akazunguka uwanja mdogo ule akibadilisha gia juu na chini, tak, tak, tak, kwa dole gumba tu, bila hata kutazama. "Hata mtoto wa darasa la kwanza anaweza sasa," alisema, akamkabidhi mume wangu.

Mume wangu alipanda. Alikwenda hadi mwisho wa uwanja, akageuza. Nikamwona anabonyeza. Dole gumba lake lilijikunja kama jani, na gia haikuhama. Akabonyeza tena. Safari ya tatu aliuachia usukani, akasukuma kile kidude cha kubadilishia gia kwa kiganja kizima, gia ikahama, na baiskeli ikayumba karibu aparamie ndoo yangu.

"Bado nzito, fundi," alisema.

Mzee hakubisha. Alimfuata, akamnyooshea mkono kama anayetaka kumsalimia upya. Mume wangu akampa wake. Fundi akaushika, akaugeuza kiganja chini, juu, akabonyeza pale kati ya dole gumba na kidole cha shahada. Mahali hapo mkononi kila mtu ana kinundu kidogo cha nyama. Mume wangu alikuwa na shimo.

"Bwana shamba, mkono huu unaumwa tangu lini?"

"Hauumi."

"Hauumi, nimekusikia. Lakini unaumwa."

Upepo ulikuwa unapigapiga bati. Mimi nililitazama lile shimo na kujua kwamba sikuwa nimelala mbali na mkono ule hata siku moja. Tena nilijua zaidi ya hapo. Tangu Krismasi nilikuwa namfunga vifungo vya shati kila asubuhi. Alianza kwa kusimama mbele yangu na kusema, "Mwalimu, nifunge," kwa ile sauti ya zamani, ya tulipokuwa wachumba, na mimi nilidhani ni mapenzi. Nilimfunga nikiona haya kama msichana. Kumbe vidole vilikuwa vimeshindwa.

Mume wangu aliuvuta mkono wake, akauliza, "Huna kile kidude cha kizamani? Kirefu, cha kusukuma kwa kiganja?"

Fundi alipekua kopo moja baada ya jingine mpaka akakipata. Akakifunga, akaunganisha waya upya, akasikiliza, akazungusha robo zake. Mume wangu akajaribu, gia zikahama zote nane. Wakati baiskeli inafungwa kwenye gari la kurudi, mzee aliniambia kwa sauti ya chini, "Gia nimemaliza. Mkono mpeleke kwa wenye kazi hiyo."

Tulimpeleka. Kwanza wakasema ni baridi yabisi, akapewa vidonge. Kisha wakasema ni shingo. Mama mkwe wangu akasema ni mtu, na akawa anawataja majirani mmoja mmoja kila nilipokwenda kumwona, mpaka nikapunguza kwenda. Mchungaji alikuja akamwombea, mume wangu akafumba macho na kusema amina kwa heshima. Mwishowe tulipewa barua ya kwenda hospitali kubwa, mbali na mkoa wetu, na huko daktari mmoja mwanamke, ambaye siku hiyo alionekana kwangu kijana kuliko binti yetu wa kwanza, alitukalisha na kutueleza bila kuharakisha. Mishipa inayopeleka amri kutoka kwenye ubongo hadi kwenye misuli ilikuwa inakufa, mmoja baada ya mwingine. Nyama isiyopokea amri hunyauka. Dawa ya kuizuia hakuwa nayo, wala hakumjua aliye nayo.

"Na miguu?" mume wangu aliuliza.

"Itafuata. Siwezi kukuambia lini."

"Lakini leo ni mizima."

"Leo ni mizima."

"Basi bado naweza kuendesha," alisema, na daktari akanitazama mimi.

Nilikasirika. Nilimwambia njiani kwamba mtu mwenye ugonjwa kama huo hukaa nyumbani. Alinijibu kwamba kukaa atakaa sana, na kwamba nisimwanzishie mapema. Kuanzia hapo, badala ya kumzuia, nikaanza kuifanyia kazi baiskeli. Sikuweza kumfanyia mkono wake chochote, lakini waya ungeweza kuwa laini zaidi, na niliamini, kwa namna ambayo siwezi kuieleza vizuri, kwamba nikiufanya laini vya kutosha ugonjwa hautatupata.

Nilirudi Makambako peke yangu, nikamwomba yule mzee anifundishe. Alinifundisha siku nzima bila maswali. Kila Jumamosi nikawa nafua mnyororo uani kwa mafuta ya taa, nachokonoa udongo kwenye meno ya gia kwa kijiti, natia oili, nafuta iliyozidi. Nilibadilisha waya kabla haujaota kutu. Walimu wenzangu waliniona nina weusi chini ya kucha. Mkono wa kulia ulipokwisha kabisa, nilikihamishia kile kidude upande wa kushoto, na breki nikazibadilisha pia. Kazi hiyo ilinichukua Jumamosi mbili. Akaendesha hivyo miezi minne, na wakulima wake hawakujua mengi zaidi ya kwamba bwana shamba sasa anaandika polepole na anapenda kuandikiwa.

Kisha mkono wa kushoto ukaanza. Vidole viwili viliweza bado kubana breki, lakini kusukuma gia, hapana.

Asubuhi moja alisimama mlangoni amevaa koti, vifungo nimeshamfunga, akasema, "Mwalimu, niwekee gia ya tatu. Leo naenda kule kwenye mashamba ya chai, gia ya tatu itanitosha kwenda na kurudi."

Ndivyo tulivyoanza. Kila asubuhi aliniambia anakokwenda, nami nikainua gurudumu la nyuma kwa mkono mmoja, nikazungusha pedeli kwa mwingine, nikamwekea gia ya siku ile. Mlimani ya kwanza. Njia ya kawaida ya tatu. Barabara ya lami, ya sita, ili miguu isizunguke bure. Nilijifunza njia zote za kata yetu bila kuzipita. Nilijua mlima gani una mawe na upi una utelezi, na nilijua asiyekuwa na gia sahihi atakwama wapi. Jioni alinipa ripoti. "Ya pili ilifaa," angesema. Au, "Kesho nipunguzie moja." Nasikia haya kusema kwamba nyakati zile, katikati ya mambo yote yale, kulikuwa na asubuhi nilizozifurahia.

Siku aliyoanguka ilikuwa ya mitihani. Nilikuwa msimamizi, na nilitakiwa shuleni kabla ya saa moja na nusu. Ukungu ulikuwa mzito hata sikuona geti letu. Yeye alikuwa bado anavaa viatu, jambo ambalo sasa lilimchukua muda, na alinieleza anakokwenda huku mimi natafuta mwavuli. Nilisikia jina la kijiji kimoja kilicho kando ya lami. Niliinua gurudumu, nikaweka gia ya sita, nikaondoka. Nadhani alisema jambo jingine nilipokuwa nafungua mlango. Sikurudi kuuliza.

Saa nane mchana mkuu wa shule aliniita nje ya chumba cha mtihani. Bodaboda mmoja alikuwa amemkuta mume wangu kwenye mtaro, chini ya mlima wenye mawe, upande ule mwingine kabisa wa kata, mbali na lami. Alikuwa ameachia usukani ili asukume gia kwa kiwiko. Bega lilikuwa limetoka, na uso umechubuka upande mzima. Nilipofika zahanati alikuwa amelazwa, ametulia, ametazama dari.

Nilikaa karibu naye. Sikulia, nililia baadaye. Nilimuuliza, "Nilikuwekea gia mbaya?"

"Hapana."

"Ulisema unakwenda kule kwenye mlima?"

"Uliweka niliyokuambia," alisema. "Mimi ndiye niliyebadilisha njia. Nilipata simu."

Nilimwamini kwa sababu nilitaka kumwamini. Baada ya siku hiyo hakupanda tena baiskeli. Bega halikupona, na miguu ikafuata kama daktari alivyosema, kisha shingo, kisha sauti. Mwaka mmoja na kidogo alikaa kwenye kiti cha mbao karibu na dirisha la jikoni, na mimi nikawa namlisha uji kwa kijiko, nikimsubiri ameze. Binti yetu mkubwa aliacha kazi aliyokuwa ameipata mjini, akarudi kunisaidia. Maneno yalipokwisha tulizungumza kwa macho. Yako mambo mengi yasiyoweza kuulizwa kwa macho. Alifariki mwezi wa sita, asubuhi ya baridi kali, majani uani yakiwa yameganda umande mweupe.

Siku ya tatu baada ya mazishi watu walikuwa bado wanakuja. Akaja mama mmoja mkulima wa parachichi, mtu mzima, amefunga shuka mbili, ametembea kutoka mbali. Alikaa nami kwenye mkeka. Alinipa pole, akamsifu marehemu, kisha, kama watu wanavyofanya msibani wakitaka kukuchangamsha kidogo, akaanza kunisimulia vichekesho vyake.

"Siku ile ile aliyoanguka alipita kwangu," alisema. "Nyumba yangu ndiyo ya mwisho kabla ya mlima. Nikamkaribisha chai, akasema hana muda. Nikamwona anatazama baiskeli yake na kucheka. Nikamwambia, unacheka nini, baba? Akasema, mwalimu wangu leo kanipa gia ya lami na mimi nilimwambia mlima. Ana mitihani, kichwa chake kiko shuleni. Nikamwambia, basi sukuma, au acha niite watu wakusukumie. Akasema, hapana, nitajaribu hivyo hivyo."

Mama yule alitabasamu, akatikisa kichwa kwa huruma. Hakujua alichonipa. Binti yangu alikuwa amesimama mlangoni na birika la chai, na kwa jinsi alivyonitazama nilijua amesikia.

"Alikupenda sana," mama yule alisema. "Alikuwa anakutaja kila anapopita."

"Asante, mama," nilimjibu.

Nikachukua birika mkononi mwa binti yangu, nikammiminia mgeni chai. Mkono wangu ulikuwa imara kabisa. Alikuwa ametembea mbali, na alikuwa anasikia baridi, kwa hiyo nikamwongezea sukari, nikamwomba asogee karibu na moto.